Uzi: Mahali pa mwanafunzi ni nyuma. Niliyojifunza kwa kuisoma Injili ya Marko polepole

SaidiaFundi (mwanzisha uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wenzangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Uzi huu ni mrefu, nitauweka vipande vipande kadiri nitakavyopata nafasi. Unahusu uanafunzi katika Injili ya Marko. Sisi ni kikundi cha watu tisa, tunakutana Jumatano jioni sebuleni kwa mzee mmoja wa kanisa. Marko imetuchukua miezi minane, sura kwa sura, na jioni nyingine tulikuwa tunamaliza mistari sita tu. Niliingia nikidhani naijua, maana ndiyo fupi kuliko Injili zote na nilishawahi kuimaliza kwa siku moja. Kuna jambo moja limenibadilisha, na ndilo linalonifanya niandike.

Nianze na neno lenyewe. Ukisema "mwanafunzi" leo, mtu anaona sare, daftari, mtihani na cheti. Hata kanisani tumelichukua hivyo: kuna darasa la uanafunzi, lina wiki zake, na siku ya mwisho watu wanapiga picha wameshika vyeti. Siyapingi madarasa hayo, mwenyewe nimefundisha mawili. Lakini wale wavuvi wa Galilaya hawakuandikishwa shule. Marko 3:14 inasema Yesu aliwaweka kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye," kisha ndipo inataja kuwatuma kuhubiri. Kuwa pamoja naye kumetangulia. Mtu anayejifunza kazi kwa kukaa na fundi ndivyo anavyoishi, yule ambaye wazee wetu walimwita mwanagenzi.

Maisha hayo nayajua. Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na pa kwenda, nikawa saidia fundi kwa jirani yetu mmoja, fundi mwashi. Mwaka mzima wa kwanza nilichanganya zege, nikapandisha matofali, nikabeba karai la udongo. Mzee yule hakuwahi kunikalisha chini anifundishe. Alisema tu, "Kaa nyuma yangu, uangalie mkono." Siku moja akaenda kufuata saruji, nami nikashika mwiko nikainua kona peke yangu. Aliporudi akaning'iniza timazi: ukuta umelalia nje. Akabomoa kozi tatu bila kusema neno, akachukua mwiko wake, akanionyesha kwa kidole mahali pangu pa kila siku, nyuma yake. Usiku ule nililia, nikijua kesho sina kazi. Asubuhi akanipitia nyumbani kama kawaida yake.

Nilimkumbuka mzee huyo tulipofika Marko sura ya 8.

SaidiaFundi

Naendelea.

Kaisaria-Filipi ilikuwa kaskazini kabisa, chini ya mlima Hermoni, kama kilomita 40 kutoka ziwa la Galilaya. Herode Mkuu alikuwa amejenga hekalu huko la kumtukuza Kaisari Augusto, na mwanawe Filipo akaupa mji jina la Kaisari. Njiani kuelekea vijiji vya mji wenye jina la mtawala wa dunia, Petro anamwambia seremala kutoka Nazareti, "Wewe ndiwe Kristo." Amesema kweli tupu. Na papo hapo Yesu anaanza kuwaeleza kwamba atateswa, atakataliwa, atauawa, na baada ya siku tatu atafufuka. Petro anamchukua kando na kuanza kumkemea. Neno hilo Marko amelitumia huko nyuma Yesu alipomkemea pepo mchafu katika sinagogi la Kapernaumu (1:25). Sasa mwanafunzi anamkemea Bwana wake.

Jibu tunalijua: "Nenda nyuma yangu, Shetani."

Miaka yote nilisikia hapo mlango ukifungwa. Nilidhani Petro amefukuzwa. Sasa angalieni lile neno "nyuma yangu." Kwa Kigiriki ni *opiso mou*. Rudini sura ya 1:17, pale ufukweni, Simoni, yaani Petro, akiwa na nyavu mkononi. Biblia yetu inasema, "Njoni mnifuate," lakini Kigiriki kinasema "njoni nyuma yangu," *opiso mou*. Kisha nendeni 8:34, mstari mmoja tu baada ya Petro kukemewa: "Mtu yeyote akitaka kunifuata." Ni yale yale tena, akitaka kuja nyuma yangu.

Petro alikuwa ameshika mwiko. Alishatangulia mbele, anamwonyesha Bwana ukuta upite wapi. Akarudishwa mahali alipoitiwa tangu siku ya kwanza. Sitaki kulainisha ukali wa neno "Shetani," ni kali na limekusudiwa liume. Lakini mahali alipoelekezwa ni pake.

KijanaWaMbeya

Kaka, swali. Kwenye Mathayo 4:10 Yesu anamwambia ibilisi, "Nenda zako, Shetani." Si maneno yale yale? Kama ni yale yale, basi Petro kafukuzwa kama ibilisi alivyofukuzwa.

SaidiaFundi

Mdogo wangu, hongera kwa kusoma kwa makini. Katika nakala za kale zaidi ibilisi anaambiwa "nenda zako" tu, hakuna "nyuma yangu." Ibilisi hana mahali nyuma ya Yesu. Petro anapo. Hata Kiswahili cha Biblia yetu kimeitunza tofauti hiyo: mmoja "nenda zako," mwingine "nenda nyuma yangu."

SaidiaFundi

Sasa kipande kilichonifanya nisilale.

Tangu 8:27 hadi mwisho wa sura ya 10, Marko anarudia rudia kwamba wako njiani. Wanatoka kaskazini, wanashuka Galilaya, wanafika Yeriko, wanapanda kwenda Yerusalemu. Safari hiyo ameifungia katikati ya vipofu wawili. Kabla yake tu kuna kipofu wa Bethsaida (8:22-26). Mwisho wake kuna Bartimayo, mwana wa Timayo, nje ya Yeriko (10:46-52).

Kipofu wa kwanza ndiye mtu pekee katika Injili zote nne ambaye Yesu anamponya kwa hatua mbili. Anamwekea mikono, anamwuliza kama anaona kitu. Anasema anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Yesu anaweka mikono tena, ndipo anaona vyema. Nilikuwa nikisoma hapo naona aibu kidogo kwa niaba ya Yesu, kana kwamba mara ya kwanza dawa haikukolea. Halafu hadithi inayofuata ni Petro: anaona kwamba Yesu ni Kristo, ila msalaba hauoni. Anaona watu kama miti. Yesu hakumwacha yule kipofu na nusu ya macho, na Petro naye hakumwacha.

Mama mmoja kikundini kwetu, mfanyabiashara wa dagaa, akasema maneno ambayo sikuyapata katika kitabu chochote: "Kumbe nilipookoka niliwekewa mikono mara ya kwanza tu."

Katika safari hiyo Yesu anatabiri kifo chake mara tatu, 8:31, 9:31 na 10:33-34. Mara zote tatu kinachofuata ni wanafunzi kuharibu. Baada ya ya kwanza Petro anakemea. Baada ya ya pili wanabishana njiani nani mkubwa kati yao, wanafika nyumbani Kapernaumu, wanaulizwa walikuwa wakibishana nini, wananyamaza. Natamani kila kikao cha halmashauri ya kanisa kianze na swali lile na ukimya ule. Baada ya ya tatu, wana wa Zebedayo wanaomba viti, mmoja kulia na mmoja kushoto.

Na mara zote tatu baada ya kuharibu kuna fundisho, na mafundisho hayo ndiyo mazito kuliko yote katika kitabu. Ajikane mwenyewe. Atakaye kuwa wa kwanza atakuwa wa mwisho wa wote na mtumishi wa wote. Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Laiti wanafunzi wangeelewa mapema, sijui kama tungekuwa na mistari hiyo.

MamaWawili

Ndugu SaidiaFundi, barikiwa. Nimekusoma hadi hapo nikasimama kwenye "ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake." Naomba niseme lililo moyoni. Nilikaa miaka sita katika ndoa ya kupigwa. Kila nilipokwenda kwa viongozi wangu niliambiwa, "Mama, huo ndio msalaba wako, ubebe." Leo nimetoka, nina amani, lakini mstari huo bado unanichoma. Marko anasemaje hapo?

SaidiaFundi

Dada yangu, pole sana. Jana sikukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa kazini, haraka haraka.

Nimeurudia mstari huo nikikufikiria wewe. Kwanza, "ajitwike." Mtu anaujitwika mwenyewe. Hakuna mahali katika Marko ambapo mtu mmoja anapewa ruhusa ya kumtwisha mwenzake msalaba na kukaa pembeni akimhimiza aubebe. Wanaotwisha msalaba katika kitabu hiki ni askari wa Kirumi.

Pili, mstari wa 35 unataja sababu: "kwa ajili yangu na kwa ajili ya Injili." Msalaba si jina la kila maumivu. Enzi ile ilikuwa adhabu waliyopewa hasa watumwa na waasi, hadharani, barabarani, ili kila apitaye ajue nini humpata anayeisumbua Roma. Yesu anawaambia wanaotaka kumfuata kwamba watu wanaweza kuwatendea hivyo kwa sababu ya kumfuata yeye. Ngumi za mume hazikuja kwa sababu ya Injili.

Tatu, tazama anavyowatendea waliokuja kwake wakiumia. Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, sura ya 5, ameteswa na waganga wengi na fedha zake zimekwisha. Hakuambiwa aubebe. Aliitwa binti, akaambiwa aende kwa amani, awe mzima, asiwe na msiba wake tena. Nimepitia Marko yote nikitafuta mgonjwa mmoja au mwonewa mmoja aliyekuja kwa Yesu akaambiwa, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Hayupo.

Na "ajikane" nimeielewa kwa msaada wa Kiswahili chetu. Ni kitenzi kile kile cha usiku wa Petro: "utanikana mara tatu." Kwa Kigiriki pia ni kitenzi kimoja. Pale uani kwa kuhani mkuu, akiota moto, Petro alisema, "Simjui mtu huyu." Hivyo ndivyo kumkana mtu kulivyo. Basi kujikana ni kumwambia yule mimi anayetaka kiti cha kulia maneno yale yale: simjui mtu huyu, hanitawali. Petro aliambiwa ajikane, usiku ule akamkana Bwana ili ajilinde. Wewe ulipotoka katika nyumba ile hukumkana Yesu, dada.

MamaWawili

Nimesoma nikalia. Asante. Neno "askari wa Kirumi" nimeliandika kwenye daftari.

Mlei_Kigangoni

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanzisha uzi ana hoja, ila naona anawaegemea sana wale kumi na wawili. Katekista wetu mmoja marehemu alipenda kutuambia tutazame nani anabaki. Sura ya 14:50, "wakamwacha, wakakimbia wote." Wote. Halafu 15:40 kuna wanawake wakitazama kwa mbali: Mariamu Magdalene, Mariamu mama yao Yakobo mdogo na Yose, na Salome.

SaidiaFundi

Milele amina, kaka. Umenitangulia, maana hapo ndipo nilikuwa naelekea.

15:41 inasema wanawake hao walimfuata alipokuwa Galilaya na kumtumikia. Vitenzi viwili, kufuata na kutumikia. Katika sura ya 8 hadi 10, Yesu alikuwa akiwafundisha nini wale wanaume njiani? Kufuata na kutumikia. Somo zima walikuwa nalo kina mama, na Marko anatujulisha tukiwa tumeshafika msalabani, kana kwamba anatuuliza macho yetu yalikuwa wapi muda wote. Dokezo lilikuwepo tangu mwanzo: mkwewe Simoni, sura ya 1:31, homa ilipomwacha akawatumikia. Kwa miaka nimesikia mstari huo ukitumika kuwaeleza wanawake kwamba kazi yao ni jikoni. Kitenzi chake ni kile kile ambacho Yesu anajitumia mwenyewe katika 10:45.

Kuna na Simoni wa pili. Simoni Petro aliambiwa mtu ajitwike msalaba, na siku ya msalaba hakuwepo. Aliyeubeba ni Simoni Mkirene, mpita njia anayetoka shamba, mtu wa Afrika Kaskazini, tena kwa kushurutishwa. Marko anamtaja kama baba yao Iskanda na Rufo, bila kueleza hao ni nani. Bila shaka wasomaji wake wa kwanza waliwajua.

Na kulia na kushoto walikokuomba wana wa Zebedayo, Yakobo na Yohana? 15:27, wanyang'anyi wawili, mmoja mkono wake wa kuume na mmoja wa kushoto. "Hamjui mnaloliomba," alikuwa ameshawaambia.

ImaniNaVitendo

Mtumishi, kwa heshima zote naona hatari katika uzi huu. Unawafariji watu katika udhaifu. Wale walikuwa hawajajazwa Roho Mtakatifu. Baada ya Pentekoste Petro yule yule alisimama akahubiri, wakaongezeka watu kama elfu tatu. Sisi tunaishi baada ya Pentekoste. Mwanafunzi wa leo hana sababu ya kuwa kama Petro wa Marko.

SaidiaFundi

Mtumishi, hoja yako naiheshimu. Udhaifu sitaki uwe godoro la kulalia. Pentekoste ilimbadilisha Petro kweli, nakubali kwa moyo wote.

Ila soma Wagalatia 2:11. Ni Antiokia, miaka mingi baada ya Pentekoste. Petro anakula na watu wa Mataifa, wanapofika watu kutoka kwa Yakobo, ndugu yake Bwana, anajitenga kwa kuwaogopa, na Paulo anampinga uso kwa uso. Ni woga ule wa uani, umevaa nguo nyingine. Petro aliyejazwa Roho alihitaji kurudishwa nyuma tena, safari hii kwa mkono wa ndugu yake.

Halafu fikiria nani aliisimulia habari hii na lini. Wasomi wengi wanaiweka Injili ya Marko karibu na mwaka 65 hadi 70, zaidi ya miaka thelathini baada ya Pentekoste. Papia, askofu wa Hierapoli, mapema karne ya 2, alipokea kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika aliyoyakumbuka kutoka kwake. Kama ni hivyo, habari za jogoo zilitoka kinywani mwa Petro mwenyewe. Mzee wa kanisa anayeheshimiwa na wote anasimama mbele ya waumini anasema: nilimkana, jogoo akawika mara ya pili, nikalia. Nguvu ya kusema hivyo mimi naihesabu ni kazi ya Roho.

SaidiaFundi

Kuna jambo nusura nilisahau, na linatuhusu sana sisi tunaotumika makanisani.

Neno "kukemea" nililolitaja kwa Petro halikuishia pale. 9:36 Yesu anamkumbatia mtoto mbele ya wanafunzi. Sura inayofuata, 10:13, watu wanaleta watoto, na wanafunzi wanawakemea. Halafu 10:48, Bartimayo anapiga kelele kando ya njia, "Mwana wa Daudi, unirehemu," na wengi wanamkemea anyamaze. Watu waliokuwa karibu zaidi na Yesu ndio waliosimama kati yake na wanaomtaka. Mtu akitangulia mbele ya Yesu, anachofanya mara nyingi ni kufunga njia.

Vilevile 9:38. Yohana anasema walimwona mtu akitoa pepo kwa jina la Yesu wakamkataza, "kwa sababu hafuatani nasi." Hafuatani nasi, anasema, hasemi hakufuati wewe. Na hapo wanafunzi wenzake walikuwa wametoka kushindwa siku si nyingi kumtoa pepo yule mtoto aliyekuwa akigaagaa na kutoa povu. Wameshindwa, wanamkataza anayeweza. Nimekuwa mtu huyo. Kulikuwa na kijana kanisani kwetu aliyeanza kuombea wagonjwa hospitalini kila Jumamosi bila kupitia idara yetu. Nikaandika barua ya kumsimamisha. Sahihi ni yangu. Nimeshakwenda kumwomba msamaha, na sasa ninakwenda naye Jumamosi, nikibeba chupa ya chai.

KijanaWaMbeya

Kaka, na Bartimayo? Ulisema vipofu wawili, ukaeleza mmoja.

SaidiaFundi

Kweli mdogo wangu, twende Yeriko.

Yeriko iko kama mita 250 chini ya usawa wa bahari. Yerusalemu iko zaidi ya mita 700 juu. Katikati ni barabara ya kama kilomita 25, kupanda tu, jangwani. Mlimani huko juu ndiko anakokwenda kufa, na 10:32 inasema alikuwa akiwatangulia, nao wakifuata wakaogopa. Sikilizeni: wanaogopa, na wanafuata. Marko anatumia neno kufuata hata kwa watu ambao magoti yanatetemeka.

Hapo kando ya njia yupo ombaomba. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, anamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Swali hilo tumelisikia mistari kumi na tano tu nyuma, kwa Yakobo na Yohana: "Mwataka niwafanyie nini?" Wao walitaka viti. Kipofu anataka kuona. Nimelichukua swali hilo niwe nalo katika maombi yangu ya asubuhi, na nakiri kwamba siku nyingi jibu langu bado ni kiti.

Bartimayo alitupa vazi lake kabla hajaponywa. Ombaomba kando ya barabara, pengine vazi ndilo godoro lake, blanketi lake na mahali pa kupokelea sarafu. Yule tajiri wa 10:22, ambaye Marko anasema Yesu alimpenda, aliondoka kwa huzuni kwa sababu alikuwa na mali nyingi. Bartimayo aliruka na kuacha alichonacho vumbini. Akaambiwa, "Enenda zako." Alikuwa huru kwenda popote. "Mara akapata kuona; akamfuata njiani." Njia yenyewe sasa ilikuwa imebakiza mpando mmoja tu, wa Yerusalemu.

Mlei_Kigangoni

Na mwisho wa Injili yenyewe? Padre wetu alituambia nakala za kale zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kwa hofu. Kama hao waliobaki nao walikimbia, uanafunzi umebaki kwa nani?

SaidiaFundi

Padre wenu yuko sahihi. Nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zinaishia 16:8, na matoleo mengi ya siku hizi huweka mabano au maelezo kwenye mistari inayofuata. Sitaingia kwenye mjadala wa mistari 9 hadi 20, mimi naisoma yote kanisani. Lakini hebu tusimame kwenye mstari wa 7, kabla ya hofu.

Kijana aliyevaa vazi jeupe anawaambia wale kina mama: nendeni, "mkawaambie wanafunzi wake, na Petro, ya kwamba awatangulia kwenda Galilaya." Awatangulia. Ni neno la 10:32, alipokuwa akiwatangulia kupanda Yerusalemu. Bado yuko mbele. Kwa hiyo mahali nyuma yake bado papo. Na anawapeleka Galilaya, kule kwenye nyavu, kule kwenye "njoni nyuma yangu" ya kwanza.

Halafu yale maneno mawili, "na Petro." Petro si alikuwa mmoja wa wanafunzi? "Wanafunzi wake" ingetosha. Lakini mtu aliyemkana Bwana mara tatu, ukimwambia "wanafunzi waje," atabaki nyumbani. Atasema mimi simo tena. Ndiyo maana akaitwa kwa jina.

KijanaWaMbeya

Kaka, hapa umenigusa pabaya. Tulikuwa na katibu wa kwaya ya vijana. Alikopa hela ya mfuko wa kwaya mkewe alipokuwa anajifungua, akashindwa kurudisha kwa wakati. Mambo yakatangazwa mbele ya watu wote. Hajaonekana kanisani mwaka wa pili huu. Mimi ndiye mweka hazina, mimi ndiye niliyepeleka taarifa. Hela alisharudisha yote, kidogo kidogo kwa simu, hakuna aliyemwambia hata asante. Kila Pasaka tunaandika kwenye grupu "vijana wote mnakaribishwa." Yumo kwenye grupu, anasoma, hajibu.

SaidiaFundi

"Vijana wote mnakaribishwa" ni "wanafunzi wake." Bado "na Petro," mdogo wangu. Usimwandikie. Mpigie, mwite kwa jina, na umwambie wewe ndiye uliyepeleka taarifa.

MamaWawili

Tunakuombea, mwanangu. Piga.

KijanaWaMbeya

Nimepiga. Amepokea mkewe, anasema yuko shamba, kaacha simu nyumbani, anarudi jua likizama. Kaniuliza aseme nani kapiga. Nimemwambia jina langu. Amekaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nitamwambia." Saa moja usiku napiga tena.